Mtoto analia mpaka apewe simu: hapo nani anamfundisha mwenzake?

Daftari_la_Baba (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimekaa nao kichwani wiki nzima kabla ya kuuandika. Ni mrefu, naomba mnivumilie.

Binti yangu ana miaka mitatu. Kila jioni nikikaa kumalizia kazi, anakuja kusimama kando ya goti langu na kunyoosha mkono. "Baba, simu." Namwambia hapana. Anarudia, nami narudia. Mdomo unaanza kutetemeka, anakaa chini, kilio kinaanza. Mwanzoni nilikuwa nampa baada ya dakika mbili tatu. Baadaye nikaapa kwamba sitoi tena, nikakaza moyo, na siku hiyo alilia karibu robo saa mpaka akawa anakohoa. Nikampa. Kilio kikakatika palepale. Nikashusha pumzi, nikarudi kwenye kazi yangu.

Mambo haya nimeyasoma chuoni na nimewahi kuwafundisha wanachuo wa ualimu. Hata hivyo ilinichukua miezi kuona kilichokuwa kinatendeka sakafuni kwangu mwenyewe. Jioni moja nikachukua daftari nikaandika mistari mitatu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata. Amenyimwa simu, amelia, amepata simu. Halafu nikaiandika upya mistari ileile kwa upande wangu: kuna kelele, nimetoa simu, kelele zimekwisha. Nikabaki naangalia ule ukurasa. Pale palikuwa na wanafunzi wawili, kila mmoja akimlipa mwenzake.

Hilo ndilo nataka tulijadili. Tunapozungumzia uimarishaji wa tabia, yaani tabia kupata nguvu kwa sababu ya kinachoifuata, tunapenda kujiweka kwenye nafasi ya mwalimu, mwenye zawadi mkononi. Kumbe nasi tunafundishwa muda wote.

Kidogo kuhusu chimbuko lake. Mwaka 1898 mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike alichapisha majaribio aliyowafanyia paka. Alikuwa anamfungia paka mwenye njaa ndani ya kisanduku cha mbao, chakula kikiwa nje. Paka anaparua, anang'ata mbao, anasukuma huku na huko, mpaka kwa bahati anavuta kamba fulani na mlango unafunguka. Anarudishwa ndani. Ukifuatilia muda anaotumia kutoka, unapungua polepole, kwa kupanda na kushuka. Thorndike hakuona dalili ya paka "kushtuka" na kuelewa ghafla. Alichokiona ni kwamba matendo yasiyoleta kitu yanapukutika, na lile lililoleta matokeo mazuri linabaki. Akaiita kanuni ya matokeo.

Mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, B. F. Skinner, akaibeba kanuni hiyo mbali zaidi, kwa panya na baadaye njiwa, na kitabu chake cha mwaka 1938 kikaweka msingi wa mengi tunayoyasema leo. Jambo moja kutoka kwake linasahaulika sana: kitu hakiwi kiimarishi kwa sababu aliyekitoa anadhani ni kizuri. Kinakuwa kiimarishi pale tu tabia iliyokitangulia inapoongezeka. Basi. Mwalimu anayemkaripia mwanafunzi mmoja kila anapopiga soga darasani, na soga zikaongezeka, ajue karipio lake ni malipo. Huenda kwa mtoto yule ndiyo dakika pekee kwa siku anayotazamwa na mtu mzima.

Kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni hili: tabia imepanda au imeshuka? Nia yako haiingii kwenye hesabu.

Naomba michango.

Mgeni_Jukwaani

Mkuu, nimekusoma. Nina swali moja. Tulifundishwa kuna uimarishaji chanya na uimarishaji hasi, chanya ni zawadi na hasi ni viboko. Ni sahihi?

Daftari_la_Baba

Hapana ndugu yangu, ila usijilaumu, kosa hilo nimelikuta hata kwenye mitihani.

Chanya na hasi hapa ni kama alama za kujumlisha na kutoa. Chanya: kitu kimeongezwa. Hasi: kitu kimeondolewa. Na neno uimarishaji, liwe chanya au hasi, maana yake tabia imepata nguvu. Umeumwa kichwa, umemeza dawa, maumivu yameisha. Kesho kichwa kikigonga utaikimbilia ile dawa. Huo ni uimarishaji hasi, na hakuna aliyeadhibiwa. Adhabu ni kinyume chake, inapunguza tabia.

Rudi kwenye daftari langu. Binti yangu alipata uimarishaji chanya: amelia, simu imeongezwa mkononi mwake. Mimi nilipata uimarishaji hasi: nimetoa simu, kelele zimeondoka. Kilio chake kimepata nguvu, na kusalimu amri kwangu kumepata nguvu. Gerald Patterson, aliyefanya kazi kwa miaka mingi na familia huko Oregon, Marekani, aliuchambua mtego huu kwa kina. Alionyesha jinsi mzazi na mtoto wanavyofundishana ubabe hatua kwa hatua: mmoja anapandisha sauti, mwingine anapandisha zaidi, na anayeachia kwanza anamlipa mwenzake. Anayeachia naye analipwa papo hapo, kwa utulivu. Ndiyo maana mtego haukatiki wenyewe. Kila mmoja anaondoka na faida ya dakika ile.

MamaPacha

Baba Daftari umenigusa mahali panapouma. Nina pacha wa miaka minne. Nilishaambiwa na watu wengi "wapuuze watanyamaza". Nikapuuza. Siku ya kwanza walilia, ya pili ikawa balaa, mmoja akaanza kutupa vitu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku ya tatu nikasema njia hii haifai, nikawapa simu. Sasa naona wamekuwa wagumu kuliko zamani. Nilikosea wapi?

Daftari_la_Baba

Dada yangu, hukukosea kuanza. Tatizo ni siku uliyoachia, na nitaeleza kwa nini bila kukulaumu, maana mimi nimefanya hivyohivyo.

Tabia iliyokuwa inalipwa ikikoma kulipwa, mara nyingi haishuki moja kwa moja. Kwanza inapanda. Fikiria mlango unaoufungua kila siku kwa kusukuma. Siku moja ukigoma, huondoki. Unasukuma kwa nguvu zaidi, unatumia bega, unapiga teke. Kule kutupa vitu ndilo lile teke. Ukiachia hapo, unakuwa umelipa kilio kilekile katika kiwango chake cha juu kabisa. Somo wanaloondoka nalo ni kwamba kulia tu hakutoshi, inabidi na vitu viruke.

Kuna kisa kifupi kilichochapishwa mwaka 1959 na Carl Williams ambacho huwa nakisimulia kila nikipata nafasi. Mtoto wa kiume wa miezi 21, aliyekuwa ameugua sana katika sehemu kubwa ya miezi yake 18 ya mwanzo. Alipopona, alikuwa amezoea kukaa na mtu chumbani mpaka apitiwe na usingizi. Mtu akitoka, ni mayowe. Wazazi na shangazi mmoja walikuwa wanapokezana kumlaza, na kazi hiyo ilikuwa inawala muda mrefu kila siku. Daktari alishahakikisha kwamba hana tatizo la afya. Wakaamua: mtoto analazwa kwa utulivu, kwa upole kabisa, mlango unafungwa, hakuna kurudi. Mara ya kwanza alilia dakika 45. Mara ya pili hakulia kabisa. Mara ya tatu kilio kikarudi, lakini kifupi. Kufikia mara ya kumi alikuwa anatabasamu mtu akitoka chumbani.

Kisha, kama wiki moja hivi baadaye, zamu ilikuwa ya shangazi. Mtoto akapiga kelele kidogo. Shangazi akarudi ndani, akakaa naye mpaka akalala.

Mara moja tu. Mayowe yakarudi kwa nguvu zilezile, ikabidi kazi ianze upya. Safari ya pili nayo ilifaulu, na tatizo halikurudi tena katika miaka miwili iliyofuata ya kumfuatilia.

Mimi kila nikimfikiria yule shangazi namwonea huruma. Alifanya jambo la upendo. Na ndilo lililomgharimu mtoto machozi ya awamu ya pili.

Chaki_Nyeupe

Mleta uzi, hapo kwenye "mara moja tu" naomba ukae kidogo. Nafundisha watoto wa msingi, na wenzangu wengi wanadhani kukubali mara chache ni afadhali kuliko kukubali kila siku.

Daftari_la_Baba

Mwalimu, asante kwa kunirudisha hapo, maana ndicho kiini cha jambo lenyewe.

Skinner aliligundua hili akiwa na tatizo la kawaida kabisa. Punje za chakula alizokuwa anawapa panya wake alikuwa anazitengeneza mwenyewe kwa mashine ya mkono. Anasimulia kwamba Jumamosi moja mchana alizitazama zilizobaki akaona zitakwisha kufikia Jumatatu asubuhi, labda ashinde mpaka jioni akitengeneza nyingine. Akajiuliza kwa nini kila kubonyeza kulipwe. Akaanza kulipa mara moja tu kwa dakika, hata panya akibonyeza mara ngapi. Panya hawakuacha kubonyeza. Waliendelea, kwa mwendo uliotulia vizuri tu. Mwaka 1957 yeye na Charles Ferster walitoa kitabu kizima kuhusu ratiba za malipo, yaani ni lini na baada ya majaribio mangapi tabia inalipwa, na jinsi kila moja inavyotoa mwendo wake wa tabia.

Katika ratiba hizo, ile ambayo malipo yanakuja baada ya idadi isiyotabirika ya majaribio ndiyo inayotoa tabia ya kasi na isiyochoka. Tena tabia iliyojengwa kwa malipo ya mara moja moja ni ngumu kuifuta kuliko iliyolipwa kila mara. Sababu yake unaweza kuihisi mwenyewe. Aliyezoea kulipwa kila mara, siku malipo yakikoma, anaona tofauti mapema sana. Aliyezoea kukosa mara tisa na kupata ya kumi, akikosa mara ishirini haoni jambo jipya. Kwake kukosa ni sehemu ya safari.

Sasa chukua mzazi anayesema hapana siku nne na kuchoka siku ya tano. Mtoto wake hajafundishwa hapana. Amefundishwa kungoja siku ya tano, na hajui siku hiyo ni ipi, kwa hiyo anajaribu kila siku.

Kwa maneno mengine, kama unajua jioni hii huna nguvu za kufika mwisho, afadhali utoe simu mapema, kabla kilio hakijaanza, tena kwa kuambiwa "Baba, naomba". Usitoe baada ya robo saa ya machozi. Najua wapo watakaonipinga hapa, lakini daftari langu linaniunga mkono.

UsikuMrefu

Nimesoma nikiwa nimelala, saa nane usiku, na simu mkononi. Naona ratiba hiyo isiyotabirika ndiyo inayonila mimi. Navuta skrini chini, hakuna kitu. Navuta tena, hakuna. Navuta, kuna ujumbe wa mtu ninayempenda. Halafu navuta mara hamsini nyingine. Mimi ndiye panya wa Skinner.

Daftari_la_Baba

Ndugu yangu, mashine za kamari zinafanya kazi kwa ratiba hiyohiyo, kwa hiyo hauko peke yako wala si udhaifu wako wa pekee.

Kuna kipande cha ubongo kinachosaidia kueleza. Wolfram Schultz na wenzake walirekodi seli zinazotoa dopamini (kemikali ambayo seli za ubongo hupashana nayo habari) kwenye ubongo wa nyani waliokuwa wanapewa matone ya juisi. Juisi ikija bila kutarajiwa, seli zinawaka. Nyani akishajifunza kwamba taa fulani inatangulia juisi, seli zinawaka kwenye taa, na juisi yenyewe inapofika hazishtuki tena. Na taa ikiwaka halafu juisi isije, seli zinazima kidogo wakati uleule juisi ilipopaswa kufika. Yaani ubongo unapima tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata. Kitu kinachotabirika kabisa hakibaki na mshtuko. Kisichotabirika kinabaki nao. Jaribu kuzima arifa zote na kufungua ujumbe kwa saa maalumu, mara mbili kwa siku. Unaubadilisha mchezo usiotabirika kuwa jambo linalotabirika. Na simu ilale chumba kingine.

Hoja_Kwanza

Naheshimu uzi, lakini naomba nipinge. Binadamu si panya. Mimi nimejifunza mambo mengi ambayo hakuna aliyenipa punje wala kunisifia. Mwanangu anajua matusi ambayo hakuna aliyemzawadia. Nadharia hii inamfanya mtu awe mashine.

Daftari_la_Baba

Hoja nzuri, na sehemu kubwa nakubaliana nawe. Tena panya wenyewe wako upande wako.

Mwaka 1930 watafiti Tolman na Honzik waliwaweka panya kwenye njia za kupotezana. Kundi moja lilikuta chakula mwishoni tangu siku ya kwanza. Kundi jingine halikukuta kitu kwa siku kumi, likawa linazurura tu. Siku ya 11 chakula kikawekwa. Kesho yake makosa ya kundi lile yakaporomoka, wakawa sawa na wenzao waliolipwa tangu mwanzo. Maana yake walipokuwa "wanazurura" walikuwa wanajifunza njia. Walikosa tu sababu ya kuonyesha wanachokijua.

Kuhusu matusi ya mwanao: mwanasaikolojia Albert Bandura mwaka 1965 aliwaonyesha watoto filamu ya mtu mzima akipiga mdoli. Watoto walioona mpigaji akiadhibiwa waliiga kidogo kuliko wenzao. Lakini walipoahidiwa zawadi kila mmoja aonyeshe alichokiona, tofauti ikatoweka. Wote walikuwa wamenasa kila kitu. Kwa hiyo naomba nijirekebishe: uimarishaji unaamua zaidi kipi kitolewe nje kuliko kipi kiingie ndani.

Na wapo Keller na Marian Breland, wanafunzi wa Skinner waliogeuza ufundi huo kuwa kazi ya kufunza wanyama kwa maonyesho. Mwaka 1961 waliandika kwa uaminifu mkubwa jinsi walivyoshindwa. Walimfunza mnyama aitwaye rakuni kutumbukiza sarafu kwenye kisanduku ili apate chakula. Sarafu moja alikubali. Walipompa mbili, akawa anazisugua kwa mikono yake, anazichovya ndani ya kisanduku na kuzitoa tena, anazisugua, huku chakula kinamkosa. Ndivyo rakuni wanavyofanya na mawindo yao. Kila kiumbe kinakuja na vyake, na malipo hayawezi kuvifuta vyote.

Lakini hayo yote hayanipi ruhusa ya kupuuza kinachofuata baada ya kilio cha binti yangu.

Chaki_Nyeupe

Mimi nina la zawadi. Shuleni kwetu tulianza kutoa nyota kwa kila kitabu mtoto anachosoma. Muhula wa kwanza vitabu viliisha kwenye kabati. Nyota zilipositishwa, hata waliokuwa wanasoma kabla ya nyota wakaacha. Imeniumiza sana, maana wazo lilikuwa langu.

Daftari_la_Baba

Pole sana mwalimu. Ulichokiona kina jaribio lake mashuhuri. Watafiti Lepper, Greene na Nisbett, mwaka 1973, waliwachunguza watoto 51 wa shule ya awali ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. La pili lilipewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa, baada ya kuchora. La tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu zikawekwa darasani, kila mtoto yuko huru. Walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupungua.

Kwa hiyo cheti chenyewe si sumu. Kilichoharibu ni ile "ukifanya hivi utapewa hiki" juu ya jambo ambalo mtoto alikuwa analifanya kwa raha yake. Ningekuwa wewe ningeweka nyota kwa wale tu ambao kitabu hawakigusi, kwa muda, na kuwaacha wasomaji wa zamani waendelee na furaha yao. Au ningeuliza tu: "Yule mtu kwenye kitabu aliishia wapi?" Kwa msomaji, kupata wa kumsimulia ni malipo yanayotoka ndani ya kusoma kwenyewe.

MamaPacha

Narudi na ripoti. Nimeanza upya Jumatatu. Nimewaambia mapema: simu ni baada ya kupanga vitu vyao, dakika ishirini, na kulia hakuleti simu. Siku ya kwanza wamelia muda mrefu, nimekaa karibu nao, sikugombeza, sikutoa. Ya pili mbaya zaidi kama ulivyosema, nilikuwa najua inakuja kwa hiyo nikashikilia. Ya tatu dakika kumi na mbili. Jana nne. Swali: mmoja leo ana homa na analia. Nafanyaje?

Daftari_la_Baba

Dada, mtoto mwenye homa mbebe. Kilio cha maumivu, cha hofu, au cha mtoto mchanga si tabia ya kuifuta, ni taarifa. Mkumbatie kadiri anavyotaka, ila simu ibaki kwenye saa yake. Akipona anaweza kujaribu tena siku moja mbili. Usiogope, itakuwa fupi.

Na huyu mwingine asiye na homa, mwangalie anapokuwa ametulia. Ndiye atakayesahaulika leo.

MamaPacha

Umesema kweli, nilikuwa nimemsahau. Alikuwa amekaa chini ya meza anachora, kimya kabisa. Nimemkaribia, hakuinua kichwa, akasogeza karatasi kidogo nione. Nimekaa hapo sakafuni na mgonjwa begani mpaka akamaliza.

Daftari_la_Baba

Alichora nini?

MamaPacha

Nyumba yenye milango mingi. Anasema kesho ataongeza madirisha, na ameniuliza kama nitakuwepo.